Pizza ya Ipagala

Watoto wa dada yangu walishuka kwenye basi la Dar, na kabla hawajanawa hata miguu yule mkubwa akaniuliza, "Shikamoo mjomba. Eti huku pizza mnazipata?" Kwa ile sauti ya mtu anayeuliza kama Dodoma kuna hewa. Makao makuu ya nchi! Nikamjibu kwamba sisi hatununui, tunapika wenyewe.

Basi kesho yake nikakanda kilo nzima ya unga wa ngano: hamira, chumvi, sukari kidogo, mafuta, maji ya uvuguvugu. Maelekezo yalisema donge liwekwe mahali penye joto liumuke. Ipagala, mwezi wa kumi, chini ya bati lisilo na dari, mahali penye joto ni kila mahali. Nikalifunika kwa kitambaa, nikaenda Majengo kununua nyanya na kitunguu saumu, nikapitia na supamaketi kuchukua chizi, kipande kidogo kwa bei ya kuku wa kienyeji.

Narudi, donge halimo kwenye beseni. Yaani limo, ila liko na mezani pia, na upande mmoja limeshaanza safari ya sakafuni. Watoto walikuwa wamelianika juani "ili liwahi". Yule mdogo kapanda juu ya kiti.

"Mjomba, linapumua."

Oveni sina. Nikatengeneza moto juu moto chini, kama wapika keki wa mtaani: sufuria kubwa, mchanga kidogo chini, sinia la bati ndani, mfuniko, makaa juu ya mfuniko. Kule Naples, ambako ufundi wao wa pizza UNESCO iliutambua mwaka 2017, tanuri la kuni linapita nyuzijoto 400 na pizza inaiva ndani ya dakika moja na nusu. Yangu iliadhiniwa alasiri ikiwa bado mbichi. Nafunua, nachungulia, nafunika, napepea. Bibi, aliyekuja toka Mpwapwa kuangaliwa macho, alikuwa kibarazani anafuatilia kila kitu kwa macho hayo hayo mabovu.

"Mume wangu, kiache kiive. Kila saa unakifunua, kimekwambia kinataka kutoka?"

Mwishowe chizi ikaanza kutokota. Nikaita watu wote, simu zikatolewa tayari kwa picha, nikashika mfuniko kwa tambara, nikauinua taratibu. Sasa, upepo wa Dodoma huwa haupigi hodi. Ulitokea nyuma ya nyumba na vumbi lake, ukaupiga mfuniko ukiwa mkononi mwangu, na majivu yote na vipande vya mkaa vikashukia pizza. Chizi ilikuwa imeyeyuka vizuri mno, ikavipokea na kuving'ang'ania.

Mkubwa akainama. "Mjomba, hivi vyeusi ni zeituni?"

"Eeh."

Akauma. Ikalia *krap*.

"Zeituni za huku ngumu."

Bibi akapewa kipande chake. Akakipuliza majivu kama kiazi kilichotoka kwenye moto, akakisogeza karibu na jicho lile lenye nafuu.

"Chapati yako ina vidonda, mume wangu. Na mboga yake iko wapi?"

Nikamweleza kuwa mboga ndiyo hiyo hapo juu. Akanitazama kwa huruma, akaagiza aletewe bakuli la mlenda uliobaki mchana. Akamega, akachovya, akakata ule uzi wa mlenda kwa kidole bila kudondosha tone kifuani. Mdogo akaomba aonje. Mkubwa naye akasogea. Punde wote wamelizunguka bakuli, chizi ya bei ya kuku inaogelea kwenye mlenda wa karanga, na mkaa unateremka bila kelele.

Donge lililobaki Bibi alilikaanga maandazi, na hayo hayakuhitaji maelezo.

Usiku dada akapiga kuwajulia hali wanawe. Mkubwa akanipokonya simu.

"Mama, kumbe Dar wanatuibia! Pizza ya huku inakuja na mlenda wake."