Dola kumi za mwalimu: nani amfunze anayewafundisha wakimbizi Kiingereza?

Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya taifa ya kisomo yenye kifungu ambacho leo wachache wanakikumbuka. Kila jimbo lililopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya elimu ya watu wazima lilitakiwa kutenga angalau asilimia 15 kwa miradi ya majaribio na mafunzo ya walimu, na theluthi mbili ya fungu hilo zilikuwa za mafunzo. Katika kila dola 100, basi, dola 10 zilikuwa za kumwendeleza mwalimu, na jimbo halikuruhusiwa kushuka chini ya hapo. Mwaka 1998 ikaja sheria nyingine, na asilimia 15 ikawa 12.5. Anayesoma haraka ataona pungufu dogo tu. Lakini kilichobadilika si tarakimu peke yake. Kile kilichokuwa kima cha chini kiligeuzwa kikomo cha juu: jimbo lisitumie zaidi ya asilimia 12.5.

Sheria inayotumika sasa, WIOA ya mwaka 2014, inayohusu ajira na ujuzi wa wafanyakazi, imeacha kikomo hicho palepale. Imefanya jambo moja jema, nalo ni kuyaweka mafunzo ya walimu kuwa shughuli ya lazima kwa kila jimbo. Ila ni shughuli moja kati ya nne zinazogawana fungu lilelile. Nyingine ni kuoanisha elimu ya watu wazima na huduma za ajira, kuvipa vituo vya kufundishia msaada wa kitaalamu, na kufuatilia na kutathmini kazi yao. Sheria haisemi mafunzo yapate kiasi gani. Ofisi ya jimbo ikitumia sehemu kubwa ya fedha kwenye mifumo ya takwimu, kisha ikaandaa semina moja ya siku moja kwa mwaka, itakuwa imetimiza wajibu wake kisheria. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu naamini humo ndimo ugomvi mzima kuhusu mafunzo ya walimu ulipo, ingawa watu hupenda kuubishania kwa maneno mengine.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja sisi wasemaji wa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote katika mpango wa Marekani wa kuwapa makazi: zaidi ya 16,000 katika mwaka wa fedha 2016, karibu 13,000 mwaka 2019, na karibu 20,000 mwaka 2024, kabla mpango wenyewe haujasimamishwa Januari 2025. Wengi walipitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Leo wako Louisville katika jimbo la Kentucky, Boise, Grand Rapids, Abilene na miji mingine mingi, na jioni baada ya zamu wanaingia darasa la Kiingereza. Mbele yao yupo mwalimu ambaye mara nyingi analipwa kwa saa, hana bima ya afya kutokana na kazi hiyo, na pengine ana kazi nyingine mchana. Au ni mtu wa kanisani anayejitolea.

Swali ni hili: fedha zikiwa chache, zinunue viti zaidi darasani au zimwendeleze mwalimu aliyepo?

Wanaochagua viti wana hoja nzito. Mkimbizi hana muda. Msaada wa fedha taslimu aliokuwa akipewa asiye na watoto ulidumu miezi 8, ukaongezwa hadi 12 mwaka 2022, kisha mwaka 2025 ukapunguzwa hadi minne. Mtu mwenye miezi minne ya kujipanga akiambiwa darasa limejaa, kumweleza kwamba fedha za kiti chake zimekwenda kwenye mafunzo ya walimu ni kumwongezea uchungu. Wanaongeza kwamba ushahidi wa mafunzo kuinua matokeo ya mwanafunzi ni haba. Mwaka 2010 ilitoka ripoti ya jaribio lililogharamiwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, likihusisha walimu 66 na wanafunzi zaidi ya 1,300 wenye kisomo kidogo. Kundi moja la walimu lilipewa kitabu maalumu cha kufundishia kusoma na likafunzwa kukitumia, jingine likaendelea kama kawaida. Wanafunzi wa makundi yote mawili walipiga hatua, na tofauti ya maana kati yao haikuonekana.

Halafu kuna Uingereza. Kanuni za mwaka 2007 ziliwataka walimu wa vyuo vya elimu ya baada ya shule, wakiwemo wanaofundisha wahamiaji Kiingereza, kutimiza saa 30 za mafunzo kila mwaka na kuzitolea taarifa, na wa muda wakapewa idadi ndogo zaidi. Mwaka 2012 tume ya Lord Lingfield, iliyoundwa na serikali kuchunguza kazi ya walimu hao, ilipendekeza masharti hayo yaondolewe, na yakafutwa. Ukilazimisha saa, wanasema wapinzani, utapata saa zilizojazwa kwenye fomu. Sina jibu rahisi kwa hilo. Semina ya Jumamosi asubuhi ambamo mtaalamu wa kukodiwa anawasomea walimu wazoefu maandishi yaliyo ukutani haimsaidii mtu.

Lakini hoja ya viti imesimama juu ya dhana ambayo haielezwi waziwazi: kwamba anayekijua Kiingereza anaweza kukifundisha, na kinachobaki ni moyo. Dhana hii imeenea hata katika jumuiya zetu. Mwalimu ni Mmarekani, Kiingereza ni chake, afunzwe nini tena?

Mchukue mama wa Kibembe kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyeingia Nyarugusu akiwa binti mdogo baada ya kambi hiyo kufunguliwa mwaka 1996 na akakua bila kupita darasani. Anasema Kibembe na Kiswahili, pengine na Kiha cha jirani. Ana akili ya lugha ambayo Mmarekani wa kawaida hana. Asichokuwa nacho ni maandishi, ya lugha yoyote. Kumfundisha mtu huyu kusoma kwa mara ya kwanza maishani, na kufanya hivyo kwa lugha asiyoisikia vizuri, ni kazi tofauti kabisa na kumfundisha daktari wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa. Mara nyingi wawili hawa huwekwa chumba kimoja, kwa kuwa wote wanahesabiwa kuwa wanaanza.

Utafiti wa Martha Bigelow na Elaine Tarone kule Minnesota, uliowahusu wanafunzi wa Kisomali, ulionyesha kitu ambacho walimu wengi hawakuwahi kuambiwa. Mwanafunzi akikosea kuuliza swali na mwalimu akalirudia kwa usahihi, mwenye kisomo kikubwa zaidi alikumbuka na kurudia sahihisho hilo vizuri kuliko mwenye kisomo kidogo. Kundi lilikuwa dogo, na watafiti wenyewe wako makini katika madai yao. Hata hivyo tazama maana yake darasani. Njia ya kusahihisha ambayo karibu kila mwalimu huitumia bila kufikiri, ya kurudia sentensi kwa usahihi na kuendelea, huenda haimfikii yule anayeihitaji zaidi. Mwalimu asiyelijua hili atasema mama huyu hashiki. Atamrudisha ngazi ya kwanza muhula ujao, na muhula mwingine tena, mpaka aache kuja. Kwenye takwimu, kiti chake kitaonekana kilikuwa na mtu.

Hata kwa aliyesoma kidogo kuna mambo ambayo saa chache za mafunzo mazuri zingeyatatua. Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, ba be bi bo bu, anategemea herufi imtajie sauti yake daima. Akikutana na neno "name" atasoma na-me, na hajakosea kwa kanuni aliyonayo. Anahitaji kuambiwa mapema kwamba kanuni imebadilika, tena kwa utaratibu. Vivyo hivyo yule anayemwita mke wake "he". Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi, wala Kibembe. Mwalimu anayejua hilo ataandaa zoezi. Asiyejua ataudhika, au atacheka, na mtu mzima aliyechekwa mbele ya wenzake harudi upesi.

Kuna jibu ambalo hupewa na wazee wetu, nalo nalithamini. Tanzania ya Mwalimu Nyerere, wanasema, iliwafundisha mamilioni kusoma kwa kutumia walimu wa kujitolea waliopewa semina fupi. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka karibu asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Kama kijana wa darasa la saba aliweza kufundisha chini ya mwembe, kwa nini mhitimu wa chuo kikuu Kentucky ashindwe? Kwa sababu yule kijana alifundisha kwa lugha ambayo wengi wa wanafunzi wake tayari walikuwa wakiisema au kuisikia, yenye tahajia inayofuata sauti. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na lugha yenyewe. Mwalimu wa Louisville hana msaada huo, na mwanafunzi wake hana mtaa mzima unaojifunza pamoja naye. Kisomo cha Tanzania kinanifundisha kinyume cha wanachokusudia: mazingira yakiwa magumu zaidi, maandalizi ya mwalimu yanapaswa kuongezeka.

Mafunzo ya namna gani basi? Hapa utafiti wa Cristine Smith na wenzake wa mwaka 2003 unanisaidia kuliko mwingine. Waliwafuatilia walimu zaidi ya 100 wa elimu ya watu wazima katika majimbo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, waliopitia mafunzo ya mitindo mitatu. Mtindo haukuwa jambo kubwa. Wengi walibadilika kidogo tu. Miongoni mwa vilivyowatenganisha waliobadilika zaidi na wengine ni saa za mafunzo walizopata na hali ya kazi yao: kulipwa muda wa kuandaa somo, kuwa na marupurupu, kupata nafasi ya kukaa na walimu wenzao. Nikiusoma utafiti huu kando ya lile jaribio la 2010, naona havipingani. Kumpa mwalimu wa muda kitabu na mafunzo ya kukitumia, kisha kumwacha katika kazi ileile ya kulipwa saa za darasani tu, hakutarajiwi kuleta mengi.

Ndiyo maana siwalaumu walimu wanaokataa semina. Kenya tumeliona hili mwaka 2021, Tume ya Kuajiri Walimu ilipotangaza mafunzo endelevu ambayo mwalimu angeyalipia shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na walimu wakapinga kwa sauti kubwa. Anayeambiwa ajiendeleze kwa gharama yake na kwa muda wake anaelewa kwamba kuendelezwa kwake hakuna thamani kwa anayemwambia. Mwalimu wa wakimbizi Marekani hatozwi ada hiyo, ila anapokaa saa tatu za Jumamosi bila malipo amelipa vilevile.

Ningependa kifungu cha 1991 kirudi: dola 10 katika kila 100, kima cha chini, na fedha hizo zilipe kwanza saa za mwalimu kabla ya kumlipa mtaalamu wa kukodiwa. Ndiyo, baadhi ya viti vitapungua. Nalikubali hilo nikijua ni nani atakayebaki kwenye foleni, na bado naona muhula mmoja kwa mwalimu aliyeandaliwa unamfaa mama wa Fizi kuliko mitatu ya kurudishwa ngazi ya kwanza.

Tena miongoni mwa Wakongo hao wamo waliofundisha shule za msingi Uvira na Fizi, na katika shule za kambini. Wengi sasa wanafunga maboksi kwenye maghala. Hao wanazijua sauti za Kibembe na Kiswahili bila kufunzwa, na wangeweza kusimama darasani kama walimu wasaidizi tangu mwaka wa kwanza, wakilipwa, huku wakiandaliwa kuwa walimu kamili. Fungu la mafunzo lisilo na kima cha chini haliwezi kuwafikia. Julai 2025 serikali kuu ilipozuia kwa wiki kadhaa fedha za elimu ya watu wazima, karibu dola milioni 715, kila kituo kililazimika kujiuliza kitu gani kiondoke kwanza. Mishahara ya walimu waliopo ina mikataba, na kodi ya jengo ina tarehe. Mafunzo hayana chochote cha kuyalinda.