Tusisahau wale 41 waliomkinga Kipchoge upepo

Makala yenu inawataka mameneja waige nidhamu ya Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Sawa kabisa, lakini kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 hakukimbia peke yake. Ile marathoni ya saa 1, dakika 59 na sekunde 40 ilipatikana kwa wanariadha 41 waliopokezana kumkinga upepo, akiwemo Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2016. Bingwa mzima anakubali kuwa ngao ya mwenzake! Karibu na utepe wakabaki nyuma, wakamwacha apite huku wakimshangilia. Mimi hapo ndipo machozi yalinitoka.

Nina karakana ya ushonaji yenye mafundi sita. Msimu wa sare za shule, fundi wangu hodari kuliko wote namweka mezani na mkasi, si kwenye cherehani, maana akikata vizuri wale watano hawasimami. Mwanzoni alinuna, akidhani nimemshusha. Ikabidi nimlipe zaidi ya wanaoshona, na mteja akisifu sare namwita aje asikie mwenyewe.

Mwandishi, tunaomba makala nyingine: huyu anayekinga upepo kazini alipwe vipi, na apandishwe cheo kwa kipimo gani?