Ripoti Isiyotaja Jina la Uvimbe

Mgonjwa wa Malindi aliyekatwa kipande cha uvimbe wa pajani, kisha akasomewa ripoti isemayo kwamba seli zake ni nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili, na kwamba zinahitaji kutazamwa na bingwa mwingine, hutoka hospitalini akinung'unika kuwa daktari hajui kazi. Manung'uniko hayo yana msingi. Vipimo vya Mombasa au Nairobi ni gharama, uvimbe unazidi kukua, na aliyevuka kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe ndipo ashike barabara huenda asirudi kliniki tena.

Hata hivyo, daktari wa patholojia, yule anayesoma kipande hicho kwa hadubini, anaonewa. Uvimbe kama huo waweza kuwa sarkoma ya tishu laini, yaani saratani ya misuli, mafuta na nyama nyingine kama hizo. Sarkoma hizi ni takriban asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima, ilhali aina zake zinapita 50, hivyo mtu aweza kuinamia hadubini miaka mingi na baadhi yake asizione hata mara moja. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa mikoa mitatu ya Ufaransa na Italia, ambamo vipande vya uvimbe vya wagonjwa zaidi ya 1,400 vilisomwa upya na mabingwa. Majibu ya kwanza na ya mabingwa yaliafikiana kikamilifu kwa asilimia 56 tu. Asilimia 8 yalipingana kabisa, pengine hata juu ya kama ni saratani au siyo. Lakini mimi hunikosesha raha zaidi ile asilimia 35 ya katikati, iliyohitilafiana kwa daraja la ukali au kwa tawi la ugonjwa, kwa sababu daraja ni miongoni mwa mambo yanayoamua kama mgonjwa aongezewe mionzi au dawa. Na hiyo ni Ulaya, penye maabara zilizosheheni. Kweli, bingwa naye hukosea, na mara nyingi huwa na vipimo ambavyo msomaji wa kwanza hakuwa navyo.

Tutazame fasaitisi ya vinundu, uvimbe usio saratani unaopenda kuota kwenye kigasha. Hukua kwa wiki chache tu, na chini ya hadubini seli zake zimesongamana, nyingi zikiwa katikati ya kugawanyika, sura inayotisha kweli. Kumbe waweza kunywea wenyewe. Tangu 2011 imejulikana kuwa kwa kawaida hutokana na hitilafu ya jeni iitwayo USP6, ambayo kipimo chake si kila maabara inacho. Anayekimbilia kuuita sarkoma humtia kijana kwenye upasuaji mkubwa asiouhitaji.

Kisichotetewa ni kungojesha watu bila utaratibu. Ripoti itaje magonjwa mawili matatu yanayoshukiwa. Kipande kitiwe mara moja katika fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, yenye ujazo mara 10 ya wake, maana katika joto letu nyama huharibika upesi na hapo hakuna bingwa atakayeiokoa. Kinachosafirishwa kisiwe slaidi pekee, bali pia na ile nta ambamo kipande cha nyama kimegandishwa, ili vikatwe vipande vipya vya kupimwa protini. Namba ya simu ya mgonjwa nayo iandikwe kwenye fomu inayosafiri na nta hiyo, isibaki katika daftari la wodi.