Gari lililododa si lazima liwe bovu

Wiki iliyopita shemeji yangu alifanya kosa la kutangaza kwenye kundi la familia kwamba anataka kununua gari jipya lililoshushwa bei karibu theluthi nzima. Picha haijafunguka vizuri, mtu ameshajibu: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Akafuata wa "rahisi ghali". Wa tatu, ambaye gari lake mwenyewe huwaka kwa kusukumwa, akaweka kicheko.

Methali hiyo imenikera tangu siku ile. Watu wanaitumia kama kufuli: ukishaitaja, hakuna tena haja ya kufikiri. Kizuri kingekuwa kinajiuza, watengenezaji wa magari wasingemwaga fedha zote zile kwenye matangazo.

Gari hudoda kwa sababu chungu nzima. Rangi, kwa mfano. Kuna mtu aliagiza ya kahawia akiamini ulimwengu umebadilika. Au ni gia za mkono, na wateja wote wanataka otomatiki. Au toleo jipya limetangazwa, taa zake zimekuwa nyembamba kidogo, basi la mwaka jana limezeeka ghafla. Na muuzaji naye ana yake: wengi huchukua magari kwa mkopo, kwa hiyo kila usiku gari linapolala yadi, riba haijalala. Mwisho wa robo mwaka ukikaribia na malengo ya mauzo hayajatimia, ile bei ya "mwisho kabisa, bosi" hupata mwisho mwingine. Hapo muuzaji anajinusuru mwenyewe. Hakupendi, lakini pia hakuchimbii shimo.

Kumbuka Pontiac Aztek, lililouzwa kuanzia toleo la 2001 hadi 2005. Lilichekwa kwa sura yake hadi likawa mfano wa gari baya. Sura kweli ilikuwa mtihani. Lakini chini ya boneti kulikuwa na injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 3.4, ambayo General Motors, waliokuwa wenye Pontiac, waliitia pia kwenye magari yao mengine, kwa hiyo fundi aliijua na spea zake zilikuwepo. Aliyelipata kwa bei ya kutupa alinunua sura mbaya na injini ya kawaida. Ukiwa ndani unaendesha, sura huioni. Wanaoiona ni wengine, wavumilie.

Sababu ninayoiogopa ni moja: watu wanapolikwepa gari kwa kuwa hawaamini kama aliyelitengeneza atakuwepo kesho. Hapo punguzo kubwa ni king'ora. Machi 2024 kampuni ya Fisker ilishusha bei ya gari lake la umeme, Ocean, toleo la juu kabisa la 2023, kutoka dola 61,499 hadi 37,499. Dola 24,000 zimeyeyuka kwa tangazo moja! Gari zuri, jipya, lina skrini inayozunguka. Juni mwaka huohuo kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wenye magari wakabaki kuunda umoja wao ili wajue watapata wapi spea, na nani atawasasishia programu. Gari la siku hizi bila mtu wa kulisasishia programu ni yatima. Ubovu wa sura unauzoea kwa mwezi mmoja. Uyatima hauzoeleki.

Basi nikaenda na shemeji kuliona lake. Yeye moja kwa moja kwenye usukani, anabonyeza kila kinachobonyezeka, nailoni za viti bado zinalia chini yake. Mimi nikachuchumaa kwenye tairi. Muuzaji anasema gari "limeingia juzi tu". Ubavuni mwa tairi, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 0723. Wiki ya 7 ya mwaka 2023. Hiyo juzi ni ndefu! Nikachungulia kati ya nafasi za rimu: diski za breki zimevaa kutu ya rangi ya chungwa, na tairi limebonyea pale lilipokanyaga sakafu. Kutu ya namna hiyo mara nyingi huisha ukikanyaga breki mara kadhaa. Betri ndiyo msaliti. Ikiachwa tupu muda mrefu hufa kwa ndani, wakiichaji asubuhi inawaka vizuri mbele yako, baada ya miezi mitatu unaomba kusukumwa kama yule wa kicheko.

Nikamwambia, "Shemeji, waweke betri mpya, wabadilishe oili na mafuta ya breki, na waandike." Muuzaji akanitazama kama nimemtukania mama. Uliza pia dhamana imeanza lini, maana kuna wauzaji husajili gari mapema ili kutimiza malengo, na saa ya dhamana ikawa imeshaanza kugonga.

Haya, na walio kundini nao niwape haki yao, shingo upande. Lililododa likiwa jipya litadoda na likiwa mtumba. Aliyekuuzia kwa theluthi pungufu amekuonyesha mapema utakavyohangaika nalo. Na bei inaweza kushuka tena ukiwa umeshalipa: Januari 2023 Tesla ilipopunguza bei nchini China, waliokuwa wamenunua karibuni waliandamana hadi kwenye vituo vya mauzo. Kwa hiyo kama una tabia ya kubadilisha gari kila miaka mitatu, achana na punguzo hili, si lako. Shemeji lake la kwanza alilikalia miaka kumi na mmoja na aliliuza akilia. Kwa mtu kama huyo, bei ya kuuzia tena ni habari za jirani.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza muuzaji swali moja tu: mara ya mwisho karakana yao ilipoagiza taa ya mbele ya gari hili, ilichukua siku ngapi kufika? Akasema atauliza, atatupigia. Leo siku ya tano. Shemeji ameniuliza mara mbili kama apige yeye. Nimemwambia asithubutu.