Mhakiki wa santuri na msomaji aliyemchoka

Aprili 1923 mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie, akishirikiana na shemeji yake Christopher Stone, alianzisha London jarida la Gramophone kwa ajili ya watu walionunua santuri na kutaka kujua zipi zinafaa. Jarida hilo lipo mpaka leo. Hutoka mara 13 kwa mwaka, na matoleo yake tangu lile la kwanza yanasomeka mtandaoni. Kwa jarida linaloshughulikia muziki wa klasiki tu, huo ni umri wa ajabu. Hata hivyo, wapo wasomaji wake wa miaka 30 au 40 ambao sasa hawalipii tena, au wanalipia kwa mazoea na kuliacha mezani bila kulifungua. Ukisikiliza malalamiko ya wanaoacha Fanfare la Marekani au BBC Music Magazine, utadhani ni mtu mmoja anayesema.

Wanasema hakiki zimefupishwa ili kupisha picha na mahojiano. Wanasema kila mpiga piano kijana anayetokea ni wa kipekee, na kila rekodi ni ya lazima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msomaji aliyeonja miaka mingi huyatambua maji hayo mapema. Kisha kuna pesa: jarida linaishi kwa matangazo ya kampuni zilezile ambazo rekodi zao linazipima. Msomaji akiona tangazo la ukurasa mzima, na kurasa chache mbele sifa kemkem za rekodi hiyohiyo, anaunganisha mambo mwenyewe, hata kama mhakiki hakujua kuwa tangazo hilo lipo.

Malalamiko haya ninayachukulia kwa uzito, lakini sidhani yanagusa kiini. Juni 1950 kampuni ya Decca ilianza kuuza Uingereza santuri zinazopiga kwa muda mrefu. Moja iligharimu karibu pauni 2, wakati mwanamume wa kazi za mikono alipata wastani wa pauni 7 na nusu kwa wiki. Ukitaka simfoni ya Beethoven, ulitoa kama robo ya mshahara wa wiki, na ukikosea kuchagua uliishi na kosa lako kwa miaka. Katika hali hiyo mhakiki alikuwa mlinzi wa mfuko wako. Alikuwa amesikiliza rekodi zote zilizotangulia, na alikwambia wazi kuwa hapa okestra inaburuta miguu, kule sauti ya kinanda inasikika kama imefungiwa kabatini, basi afadhali ile ya miaka mitano iliyopita.

Hitaji hilo limekwisha, na halikuondolewa na mhariri yeyote. Mwaka 1987 kampuni ya Naxos ilianza Hong Kong kuuza sidii za bei ndogo, na kosa la kununua likapungua uchungu. Kisha muziki ukahamia mtandaoni. Machi 2023 Apple ilitoa programu yake maalumu ya muziki wa klasiki, na mwaka huohuo Hyperion, kampuni ya London iliyokataa kwa miaka mingi kuweka rekodi zake kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, ilinunuliwa na kampuni kubwa ya muziki ya Universal na kuanza kufungua milango yake. Leo mtu husikiliza kwanza na kuamua mwenyewe kabla hajafika kwenye aya ya pili ya hakiki. Na msomaji huyu wa zamani ana rafu imejaa. Ana Simfoni ya Tano ya Beethoven aliyoiongoza Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic miaka ya 1970, anaipenda, na ana nyingine kumi pembeni. Ya kumi na mbili ataitafutia nini? Sehemu ya uchovu anaolibebesha jarida ni shibe yake mwenyewe, na si vibaya kulisema hilo kwa heshima.

Wahariri nao wana hoja. Wanapokea rekodi nyingi kuliko kurasa walizo nazo, kwa hiyo mbovu nyingi huachwa kimya, na zinazobaki ni zile zilizostahili kutajwa. Vyuo vya muziki vinatoa wapigaji hodari kuliko zamani, na makosa ya vidole yaliyokuwa kawaida katika santuri za miaka ya 1930 leo ni nadra. Nakubali nusu. Kuacha kimya rekodi mbovu ya kijana asiyejulikana ni uungwana. Kuacha kimya rekodi dhaifu ya nyota anayeuzwa kila kona, au kuizungusha kwa maneno laini, ni kumnyima msomaji kitu pekee alichokilipia.

Hapo ndipo kisa cha Joyce Hatto kinaponirudia kila mara. Huyu alikuwa mpiga piano wa Uingereza aliyeacha kupiga hadharani miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2006. Katika miaka yake ya mwisho mumewe, William Barrington-Coupe, alitoa kwa jina lake zaidi ya sidii 100, na baadhi ya wahakiki wakamtangaza kuwa hazina iliyofichika. Mwanzoni mwa 2007 msikilizaji mmoja wa Marekani aliingiza kwenye kompyuta sidii ya Hatto yenye mazoezi magumu ya mtunzi Liszt, na programu ikamtambulisha mpigaji mwingine kabisa: László Simon, aliyerekodiwa na kampuni ya BIS. Uchunguzi ukaonyesha wizi baada ya wizi, na mume akakiri. Rekodi ya Konseto ya Tatu ya Rachmaninov, ya piano na okestra, iliyosifiwa kwa jina la Hatto ilikuwa ya mpiga piano Yefim Bronfman, na mhakiki aliyeisifu alikuwa ameikosoa ilipotoka kwa jina la mwenyewe.

Wanaoyakataa majarida hukitumia kisa hiki kama ushahidi wa mwisho: masikio ya wataalamu yalishindwa na kompyuta. Mimi nakisoma kwa upande wa pili pia. Kompyuta ilitambua jina tu. Haikuweza kusema kama upigaji ulikuwa mzuri. Na lililobeba kazi ya kuwasaka wapigaji halisi, kuwashirikisha mafundi wa sauti na kuchapisha matokeo yaliyowaaibisha waandishi wake lenyewe, lilikuwa Gramophone. Taasisi ilikosea, taasisi ikajisahihisha hadharani. Programu inayokupendekezea wimbo unaofuata haina hata anwani ya kupelekea lawama. Lakini kuna funzo ambalo wahariri wengi wamelikwepa: mhakiki husikia zaidi ya sauti, husikia pia hadithi ya msanii. Kadiri jarida linavyojaza mahojiano na picha, ndivyo linavyomlisha mhakiki wake na msomaji wake hadithi kabla ya muziki.

Je, jarida linalotoa hakiki ndefu kama wazee wanavyotaka lingeishi? Lilijaribiwa. International Record Review lilianza London mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya Gramophone kutoka mikononi mwa familia iliyoliendesha kwa vizazi na kuuzwa kwa kampuni ya Haymarket. Lilikuwa na hakiki karibu tupu, ndefu, za watu wanaojua. Lilipendwa sana, kisha likafungwa ghafla mwaka 2015 mchapishaji wake alipofariki. Wanaotetea majarida ya sasa husema: mliletewa mlichotaka, na hakikutosha kujitegemea. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa jarida lililomtegemea mtu mmoja kiasi hicho si kipimo kamili cha soko. Na njia ya pili nayo haikuwa salama: Classic CD, lililomlenga msikilizaji mpya kwa maandishi mepesi na sidii ya bure, lilidumu miaka kumi tu, 1990 hadi 2000.

Kwa hiyo mizani yangu inaelemea hivi. Wasomaji wamekosea wanapodhani hakiki ilikufa kwa sababu ya tamaa ya wachapishaji. Wako sahihi kabisa kuhusu kitu ambacho majarida yamekitupa kwa urahisi mno, nacho ni ulinganisho. Zamani Gramophone liliorodhesha juu ya hakiki rekodi nyingine za kulinganishia, na mhakiki aliwajibika kueleza mpya inasimama wapi kati yao. Kazi hiyo haijapitwa na wakati. Inahitajika zaidi sasa. Mwanakwaya wa Dar es Salaam au Nairobi aliyeimba Haleluya ya Handel kanisani, akataka kusikia Messiah yote, atafungua simu na kukuta rekodi nyingi zisizo na mpangilio: okestra kubwa za mtindo wa zamani, vikundi vidogo vyenye ala za karne ya 18, vipande vilivyokatwa. Yeye hakuwahi kuwa na duka la sidii mtaani. Wala hajali habari za maisha ya kondakta. Anataka mtu aliyezisikiliza zote amwambie aanze na ipi, na kwa nini.

Redio ya BBC bado inafanya hivyo katika kipindi cha kulinganisha rekodi kilichoanza 1957, na Gramophone lenyewe huwa na makala ndefu ya namna hiyo kwa kazi moja kila toleo. Ningefurahi kuona makala hizo zikiwa nne, na mahojiano yakipungua kwa kiasi hichohicho. Suala la haraka ni nani ataziandika. Edward Greenfield, aliyehakiki rekodi tangu miaka ya 1950, alifariki 2015. Robert Layton, aliyeijua kazi ya mtunzi Sibelius kuliko karibu yeyote Uingereza, alifariki 2020. Kumbukumbu kama zao hujengwa kwa kumlipa mtu miaka 20 asikilize, na fedha hizo hutoka kwa wasomaji walewale wanaoondoka leo.