Ganda Si Risasi

Mtu akipigwa risasi hapa Nairobi, taarifa za habari mara nyingi husema kwamba "risasi kadhaa ziliokotwa" mahali pa tukio, ilhali kinachoonekana pichani ni maganda matupu yaliyobaki baada ya kufyatua. Mimi huhariri habari za Kiswahili, na kosa hili linaniuma.

Sina ugomvi na maneno yanayohama maana. Mzinga ni gogo lililochongwa uwazi ndani, makao ya nyuki, kama yale yanayotundikwa mitini kule Ukambani. Mzinga wa vita ukaitwa hivyo pia, na leo kijana wa Eastlands akiagiza mzinga ataletewa chupa kubwa ya pombe kali. Hakuna anayepotoshwa, kwa kuwa muktadha huzitenga maana hizo.

Risasi nayo imesafiri mbali. Kwa asili ni madini, yale yale yaliyowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa sababu madini hayo ndiyo yaliyoyeyushwa kutengenezea vidonge vya bunduki, jina likahamia kwenye kidonge, kisha likakimeza kitu kizima: kichwa kinachoruka, baruti, fataki inayoiwasha baruti hiyo, na ganda linalovishika vyote pamoja. Hadi hapo naridhika.

Tatizo ni kuliita ganda tupu risasi. Niliwahi kuonyeshwa ganda na mtu aliyefanya kazi ya silaha kwa miaka mingi: kopo dogo la shaba ya manjano, mdomo una masizi, na kitakoni kuna kishimo pale pini ilipogonga fataki. Kichwa huruka kuelekea kilikolengwa, lakini ganda, kwa bunduki inayolitema yenyewe, huanguka karibu na mfyatuaji. Kwa hiyo anayeandika kwamba maganda yaliokotwa langoni anatudokezea aliyefyatua alikuwa amesimama wapi, na anayeandika kwamba risasi ziliokotwa langoni anaweza kutuaminisha kwamba lango ndilo lililolengwa. Kwa familia inayosubiri uchunguzi wa kifo cha mtoto wao, hizo ni habari mbili zinazopingana.

Juzi nilimrudishia mwandishi mmoja taarifa yake nikamwuliza, "Ndugu yangu, uliona vichwa au maganda?" Alifungua picha zake na kuzikuza moja baada ya nyingine. Yote yalikuwa maganda, na vishimo vya kitakoni vilionekana wazi.