Twiga Aliyeondoka kwa Kimya

Mpwa wangu ana miaka 9, na mpaka wiki tatu zilizopita alikuwa na twiga. Twiga wa kwenye simu, mwenye kichwa kikubwa na macho ya kitoto, anayemfuata mwenyewe kila aendako. Alimrithi kwa kaka yake, ambaye alipoanza chuo Mombasa alimwachia akaunti nzima kama mtu anavyomwachia mdogo wake baiskeli isiyomtosha tena. Jioni moja, barazani kwetu hapa Malindi, kijana wa jirani mwenye miaka 16 akamwonyesha farasi mwenye pembe moja anayewakawaka rangi. Mtoto akaruka kwa furaha. Wakabonyeza, wakabonyeza tena. Twiga akaenda, farasi akaja. Siku ya pili yake ikapita, ya tatu mwenzake wa madrasa akamwambia, "Umechezwa." Kilio alichokiangua kilimfikia muuza mbaazi wa njia panda.

Mchezo wenyewe ni Adopt Me!, unaochezwa ndani ya Roblox, jukwaa la mtandaoni lenye michezo mingi. Ulianza 2017, wanyama wakaingizwa 2019, na mwaka 2020 ulifikia wachezaji zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja. Unaangua yai, unamlea mnyama, unamlisha na kumwogesha mpaka akue. Ukiwa na wanne wa aina moja waliokua kabisa unawaunganisha, anatoka mmoja wa neoni, yule anayewaka. Neoni wanne waliokua wanatoa mega, maana yake mega mmoja ni wanyama 16 waliolelewa mmoja mmoja. Hapo kuna jasho, hata kama ni la kidole gumba. Twiga alitoka katika yai la safari, lililouzwa mwaka 2019 kwa fedha za mchezo kisha likaondolewa dukani. Tangu hapo anayemtaka twiga kwa kawaida humtafuta aliye naye na kumshawishi. Kwa hiyo akawa ghali. Farasi wa neoni, hata akipendeza vipi, hamfikii hata nusu.

Nilimwita kijana. Alikuja bila wasiwasi, akaketi, na nakiri kuwa hoja zake zilinitaabisha kuliko nilivyotarajia.

Hakusema uongo hata neno moja. Hakumwambia mtoto "nipe kwanza, nitakurudishia", ule ujanja wa kuaminiana uliowaliza wengi. Hakuchomoa kitu sekunde ya mwisho na kuweka kingine. Siku hizi mchezo wenyewe unazuia hilo, kwa kuwa ukigusa chochote kwenye dirisha la mabadilishano, makubaliano yote yanafutika na mnaanza upya, na hata mkishakubaliana mnaulizwa tena mara ya pili. Zaidi ya hayo, hakuna anayeruhusiwa kubadilishana wanyama wa daraja za juu bila leseni, na leseni hupatikana kwa kujibu mtihani mdogo kuhusu utapeli. "Kwa hiyo, ami," akasema, "aliulizwa mara mbili, na ana leseni."

Leseni ni ya kaka yake. Mchezo unaijua akaunti. Haujui kwamba mikono imebadilika. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akatoa hoja ambayo bado inanizunguka kichwani: mtoto alimtaka farasi yule tangu siku ya kwanza. Muulizeni. Tukamuuliza, akaitikia huku anafuta kamasi. "Alilala siku mbili na raha yake," akasema kijana. "Sasa aliyemwondolea raha ni mimi, au ni yule aliyemtajia bei?"

Ukitaka kumjibu, lazima kwanza useme bei hiyo inatoka wapi. Mchezo hauna bei ya kubadilishana. Hakuna popote kwenye skrini palipoandikwa kwamba twiga ni sawa na farasi kadhaa. Bei hutoka kwenye orodha ambazo wachezaji wamejitungia mtandaoni, na watoto wa mtaa wetu wanazisoma kuliko wanavyosoma ratiba ya mitihani. Mtu akiletewa mabadilishano, swali lao ni moja: "Wini, fea au luzi?" Umepata, mko sawa, au umepoteza?

Orodha zina kazi yake. Bila hizo, mdogo angeliwa na mkubwa kila siku, kwa sababu mkubwa amecheza miaka mingi na anakumbuka yai gani liliondolewa lini. Lakini nani ameziandika? Watu wasiojulikana, ambao wenyewe wana wanyama ghalani. Mwenye twiga kumi hana sababu ya kuandika kwamba twiga ameshuka. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye jedwali. Nimemwona mtoto mmoja hapa barazani akimkataa mbwa aliyemlilia wiki nzima, kwa kuwa orodha ilisema ni luzi. Hakumtazama mbwa yule hata mara mbili. Mchezo uliotengenezwa ili watoto walee vijinyama vya kupendeza umegeuka soko la fedha za kigeni, na madalali wake hawajaota ndevu.

Kijana angekuwa anajua historia ya mji wake angelinishinda papo hapo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa China wa ukoo wa Ming. Kwetu huku twiga alikuwa mnyama wa nyika, mrefu, basi. Kule walimwona ni qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao, anayejitokeza zama za mtawala mwema. Msafara wa Zheng He, jemadari wa merikebu za mfalme yule, wa 1417 hadi 1419 ndio uliowarudisha wajumbe makwao. Nani alimpunja nani? Ukitafuta orodha ya bei ya wakati ule hutaipata, na kila upande uliondoka ukiona umepata. Thamani ya twiga ilikuwa kwenye macho ya anayemtazama. Kwa kipimo hicho, mtoto anayempenda farasi wa rangi kuliko twiga hajapoteza kitu.

Karibu nikubaliane naye. Aliyenirudisha nyuma ni mama yangu.

Mama hashiki simu ya kugusa ila kupokea, tena kwa kidole kimoja kama anayejaribu uji wa moto. Lakini amehudhuria darsa miaka arubaini. Alisikiliza yote akiwa anachambua mchele, kisha akauliza: "Mvulana alijua bei?"

"Alijua, mama."

"Na mtoto alijua?"

"Hakujua."

"Basi amemdaka njiani, hajafika sokoni."

Alikuwa akikusudia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara wa wafanyabiashara na kununua bidhaa zao kabla hawajaingia na kujua bei. Na akasema kwamba mwenye mali akishafika sokoni, ana hiari. Angalia kwamba mnunuzi wa njiani hatuhumiwi uongo. Huenda alitoa fedha halali, na muuzaji akaridhika, akalala na raha yake siku mbili, kama mpwa wangu. Kosa limewekwa kwenye pengo la ujuzi na kwenye mahali: umemwendea mtu pale ambapo hana wa kumuuliza. Na dawa yake haikuwa kuivunja biashara kwa nguvu. Dawa ilikuwa kumpa aliyepunjwa nafasi ya kuchagua baada ya kujua.

Mtu mkali anaweza kwenda mbali zaidi. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, mauzo ya mtoto asiyebaleghe hayasihi, hata akiwa anapambanua mambo. Kijana wa miaka 16 ni baleghe; mtoto wa 9 siye. Basi biashara haikuwepo tangu mwanzo, tufunge kitabu. Kwa Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, kwa upande mwingine, wote wawili ni watoto, na mtu mzima pekee katika kisa hiki ni mimi niliyekuwa nimekaa pale nakunywa kahawa bila kutazama. Kisha kuna masharti ya Roblox yenyewe, ambayo hayampi mchezaji milki ya vitu hivi, yanampa ruhusa ya kuvitumia tu. Utauzaje usichokimiliki? Mwanachuoni mwenye subira anaweza kukesha hapo. Mimi napita, kwa sababu machozi ya mtoto hayakuwa na leseni wala milki ndani yake. Yalikuwa machozi ya mtu aliyegundua kwamba rafiki yake mkubwa alijua na akanyamaza.

Kuhusu wanaouza wanyama hawa kwa shilingi sina mizani yoyote ya kuweka. Sheria za mchezo zinakataza, akaunti inaweza kufungwa, na mtoto aliyetuma fedha kwa M-Pesa kwa mtu asiyemjua hana pa kulalamika. Hilo ni la kumwambia mtoto hapana na kumaliza.

Nilipomweleza kijana maneno ya mama, alikuna kichwa, kisha akanitazama usoni.

"Na wewe ami, kikoi unawauzia Wataliano bei gani?"

Mama alicheka mpaka akaliweka ungo chini. Nauza vikoi na vinyago karibu na barabara ya Lamu, na kila mtu mtaani anajua kwamba kikoi kile kile kina bei ya mwalimu wa hapa, bei ya mgeni kutoka Nairobi, na bei ya aliyeshuka jana kwenye ndege akiwa bado mwekundu kwa jua. Sijawahi kumwambia mtalii kwamba duka la tatu anakipata kwa nusu. Nanyamaza, natabasamu, nakunja kikoi.

Nilijitetea kwamba Mtaliano ana miguu, aende maduka mengine akaulize. Kijana akasema mtoto naye ana intaneti. Nikasema Mtaliano ni mtu mzima. Akasema wengine wazee, wanaamini kila wanachoambiwa. Kila nilipoweka jiwe alilisogeza, na nikaona kwamba ninachokitetea ni mfuko wangu.

Usiku nikiwa nimelala ndipo tofauti ikanijia, na bado naiona inasimama, ingawa inachechemea. Mtalii anayeingia dukani kwangu anajua yuko sokoni. Ameambiwa na kila mtu, tangu hotelini, kwamba Malindi watu wanavutana bei. Nikitaja elfu mbili anajua ni mwanzo wa mazungumzo. Mpwa wangu alikuwa barazani. Alikuwa amekaa na kijana aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyekula mahamri kwao, anayemwita kaka. Hakujua kwamba soko lilikuwa limefunguliwa. Ndani ya mchezo, wageni wawili wanapokutana kwenye dirisha la mabadilishano na kila mmoja anajua mwenzake anatafuta faida, kunyamaza kwa mmoja sioni kama dhulma. Huo ndio mchezo, na anayeshindwa leo anajifunza kwa ajili ya kesho. Lakini kadiri mtu anavyokuwa karibu nawe, na kadiri anavyokuwa mdogo kwako, ndivyo kimya chako kinavyokuwa kizito. Kijana alipewa uaminifu wa kaka akautumia kama mtaji.

Hili haliwafurahishi wanaotaka kanuni moja ya wote, iwe ni orodha au ni "aliyekubali amekubali". Orodha ingemhukumu hata dada anayempa mdogo wake mnyama ghali kwa mapenzi. Kukubali nako kunampa haki kila mjanja aliyewahi kuketi na mtoto. Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizo mbili kwa watoto wa mtaa huu, ningechagua orodha, kwa shingo upande, kwa sababu mtoto aliyeiona bei anaweza bado kuamua kuidharau.

Tuliporudi kwa kijana kumwambia ampe mtoto hiari yake, twiga hakuwepo. Alishambadilisha usiku ule ule kwa mchezaji aliyeandika lugha ambayo hakuitambua, akapata wanyama wanne ambao kwake naye, kwa orodha, walikuwa luzi. Hilo lilimfanya awe mpole ghafla.

Basi tukamkalisha mtoto, tukamwambia bei yote, na tukamwambia achague kutoka kwa kijana chochote cha kumfidia, hata wanyama wote wanne. Aliwatazama mmoja mmoja. Akawaacha. Akataka dawa ya kurusha, ile ambayo mnyama akiinywa anaruka angani na mwenyewe mgongoni. Dukani kwenye mchezo ni Robux 295, yaani fedha za Roblox. Kijana alikuwa nayo akiba. Akasita, akafungua orodha kwenye simu yake, akamwonyesha: "Hata na hii bado ni luzi kwako, unaona? Chukua na huyu mmoja."

"Simtaki huyo," mtoto akasema. Farasi alikuwa ameshapaa juu ya paa za nyumba, anawaka rangi, na yeye anamwita bibi yake aje aone.

Vikoi vyangu bado sijaviandika bei.